Ubao Aliopimiwa Nyanya

Mwezi uliopita nilikwenda Industrial Area kutafuta mfereji wa jikoni, maana wangu umezeeka na fundi wa mtaa wetu ameshindwa nao mara tatu. Katika duka moja la vifaa, nyuma ya makoleo na mikebe ya rangi, nikakutana na karai la plastiki la kijani lenye matuta upande mmoja, na kando yake mtambo mwembamba wa bati jeupe wenye miguu ya kukunja. Kijana wa duka akaona macho yangu yamenasa. "Hiyo ni ya kuosha dhahabu, mathe. Imetoka ng'ambo. Unafungua boksi, unaingia mtoni, basi." Nikacheka. Nilicheka mpaka nikashika kaunta, na kijana wa watu akanuna akidhani namcheka yeye. Wala sikumcheka. Nilikuwa nimemwona nyanya yangu pale kati ya makoleo, miguu yake mikavu imepauka, yuko tayari kumuuliza kijana yule swali moja ambalo najua lingemshinda.

Mfereji sikununua tena. Nilitoka dukani nikavuka reli, nikavuka Barabara ya Jogoo, nikajikuta naelekea Jericho, mtaa niliokulia, kwa miguu na kwa viatu visivyofaa kabisa. Njia nzima nilikuwa nazungumza peke yangu. Hebu nikupe habari yenyewe, halafu utaniambia kama sikuwa na haki ya kucheka.

Jericho yetu ya miaka ya tisini ilikuwa nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, zilizopangwa zikitazamana, katikati uwanja wa nyasi uliochoshwa na miguu yetu, na mfereji wa nje ambao maji yalikuja yakipenda. Asubuhi mtaa uliamka na harufu ya mandazi ya mama yangu, aliyeyakaanga kwenye jiko la makaa kando ya mlango na kuyauza kwa watu wanaokimbilia kazini. Saa saba mchana king'ora cha viwandani kililia, tukajua tumbo linadai nini. Jioni wasichana tuliruka blada, ule mpira unaonyooshwa miguuni, mpaka tukaitwa mara ya tatu, ile ya kuitwa kwa jina lote. Na katikati ya sauti hizo zote kulikuwa na moja isiyokoma: ko, ko, ko. Hiyo ilikuwa tezo ya jirani yetu, fundi wa vinyago.

Fundi huyo alikuwa mtu wa Ukambani, mfupi, mpole, mwenye vumbi la mti hata kwenye nyusi. Siku za wiki alichonga Gikomba, na Jumamosi alichonga mlangoni pake, twiga na vifaru wa kuuziwa watalii. Sisi watoto tulimpenda kwa sababu alituachia mabaki ya mti tukachezea. Lakini usimwambie kitu cha kwake kinatosha kabla hajamaliza kukipaka rangi ya viatu na kukisugua kwa kitambaa hadi ujione usoni pake. "Kisichong'aa hakijaisha," alikuwa akisema, na angesugua twiga mmoja kuanzia chai ya saa nne hadi chakula cha mchana. Shika hilo la kung'arisha, maana ndilo lililokaribia kutuumbua.

Baba yangu naye alikuwa fita, fundi wa mitambo, katika karakana ya reli. Mikono yake ilinusa chuma hata akishika ugali. Mwaka ule watu wengi walipunguzwa kazini, na yeye akarudi siku moja saa nne asubuhi, saa ambayo sikuwahi kumwona nyumbani, na bahasha ya kaki mkononi. Siku zilizofuata aliamka bado saa kumi na moja, akavaa ovaroli yake ya buluu, akanywa chai, halafu akaketi kwenye kigoda mlangoni akitazama mikono yake. Mama alimzungushia mandazi na maneno laini. Mimi niliyekuwa darasa la sita nilijifanya sioni, lakini moyo uliniuma. Baba aliyewahi kutengeneza redio ya kila mtu mtaani alikuwa amekaa hapo kama mgeni asiyejua aende wapi.

Ndipo nyanya akaja. Alikuwa mama yake baba, kutoka magharibi, upande wa Kakamega, kwenye kijito ambacho wanawake wanaosha dhahabu tangu zamani. Aliteremka basi la usiku kucha akiwa amekunjika. Sisemi amechoka, nasema amekunjika, paji la uso likitazama viatu. Miaka mingi aliinama majini akizungusha mchanga katika karai, na mgongo ulikuwa umekataa. Daktari alimpa dawa na amri moja: asiiname tena. Nyanya alitoka hospitali akicheka kwa hasira. "Amesema nisiiname. Haya, na mchanga nitaufikia na nini, na meno?"

Usiku huo aliponiona nimelala kitandani kwake alinisogezea blanketi akaniambia, "Mwenzangu, mimi nikiacha mto nitakuwa mzigo." Aliniita mwenzangu kwa sababu nilipewa jina lake. Nilimshika tu mkono, na mkono wenyewe ulikuwa mkavu, wa kukwaruza.

Na hapo ndipo vilipoanzia vita vyake na mama. Nyanya hakujipaka mafuta. Kamwe! Alioga, akajifuta, akatoka nje na miguu imepauka kwa weupe, majirani wakitazama. Mama yangu, mwanamke wa watu, aliona haya. Alimnunulia kopo la mafuta ya kujipaka, yale ya kunukia, akaliweka juu ya meza karibu na Biblia. Nyanya alilishukuru kopo, akaliacha hapo hapo. Karai lake dogo la bati, alilotoka nalo nyumbani limefungwa ndani ya leso, alilisugua kwa majivu ya jiko letu kila asubuhi ingawa hakuwa na mchanga wa kuosha. "Ushamba huu," mama alinong'ona jikoni. Hakuna aliyemuuliza nyanya kwa nini. Hata mimi, mwenzake, sikumuuliza.

Jumapili moja kukawa na chapati na kuku, na baba mdogo akaja kutoka mtaa wa Tena. Huyo ni mdogo wake baba, karani wa ofisi, mtu wa shati jeupe na kalamu mbili mfukoni. Alimpenda mama yake, hilo lazima niliseme mapema, usije ukamwona mbaya. Alikuwa ameulizia mjini akapata duka linalouza mtambo wa kuoshea dhahabu, wa bati la kisasa, wenye miguu, mtu anamwaga mchanga na maji juu huku amesimama wima, dhahabu inabaki kwenye matuta. "Tununue," alisema. "Tumpe mama kitu cha maana. Kaka, ile pesa uliyopewa na reli, sehemu yake iingie hapa, nami nitaongeza."

Baba alimega chapati. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu ile bahasha, nikaona macho yake yameamka. "Kitu hicho nimekiona picha yake," akasema. "Ni ubao ulioinama wenye kingo. Nitaujenga."

"Kaka, na ukikosea?"

"Nitarekebisha."

Mama aliingia upande wa baba mdogo. Namwelewa sasa, nikiwa na nyumba yangu. Kitu cha dukani kina boksi, kina karatasi ya maelezo, kina mtu wa kugombana naye. Mume aliyekaa kigodani miezi miwili angeweza kujenga au angeweza kuanza tu. Basi wakakubaliana hivi: baba apewe wiki mbili. Baba mdogo angeazima ule mtambo dukani, akamwachia muuzaji kitambulisho chake, na vyote viwili vijaribiwe mbele ya nyanya. Kitakachoshika ndicho atakachorudi nacho mtoni. Nyanya mwenyewe alikuwa akila shingo ya kuku, hakuulizwa.

Ee, rafiki yangu, wiki mbili hizo! Kesho yake baba alimsimamisha nyanya ukutani, akamwambia anyooke kadiri awezavyo bila kuumia, akachora mstari wa penseli ukutani, usawa wa kiuno chake. Fundi wa nguo hampimi bibi harusi kwa uangalifu ule. Akapima urefu wa mkono wake kutoka bega hadi kidole. Akamwambia ashike ndoo nusu, ainue, amwage, ainue, amwage, huku baba mwenyewe amechutama akitazama kiwiko kinafika wapi. Mstari huo wa penseli ulibaki ukutani kwetu hadi tulipohama, na mama, aliyekuwa akisugua kila kitu, hakuwahi kuusugua.

Mbao zilitoka kwa fundi wa vinyago, vipande virefu vya jakaranda alivyokuwa ameviweka kwa ajili ya twiga wakubwa. Baba aliuchora ubao kwenye mgongo wa kalenda: mrefu kuliko mimi, wenye kingo pande mbili, miguu minne, na ndani yake matuta membamba ya kukata njia ya maji yachongwe kwenye mti wenyewe. Mchana kutwa mlango wetu na wa jirani ilikuwa karakana moja. Ko, ko, ko ya tezo huku, msumeno wa baba kule, na mimi katikati na kazi ambayo nisingemwachia mtu: kukinga vumbi la shaba. Baba alibana mfereji wa zamani, wa shaba ya njano, akaupiga tupa taratibu, nami nikashika gazeti chini yake. Vumbi hilo zito linalong'aa lingechanganywa na mchanga wa ujenzi, lishike nafasi ya dhahabu siku ya kujaribu. Lilipojaa kikopo cha dawa nililitembeza mtaani kama mtoto wa tajiri, wenzangu wakichungulia mmoja mmoja, "Wee! Hiyo ni goldi?"

Ijumaa jioni ubao ulikuwa tayari. Baba alikwenda kulala mapema kwa mara ya kwanza. Na fundi wa vinyago, kwa mapenzi yake yote, akauchukua mlangoni pake akasema anaumalizia kidogo tu.

Jumamosi tukauona. Mama yangu! Ubao uling'aa kama samani ya mkubwa fulani. Matuta aliyalainisha kwa msasa hadi yakawa mviringo, akaupaka wote rangi ya viatu ya kahawia, na nta juu yake, ndani na nje. Watoto walijitazama meno humo. Baba alipitisha kiganja, akatabasamu, akamshika fundi bega. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona kosa, na tulikuwa tumeukodolea macho watu wazima na watoto zaidi ya ishirini.

Baba mdogo alifika ameubeba mtambo wake begani, shati jeupe limelowa jasho. Tulipanga foleni ya ndoo kutoka mfereji wa nje hadi uwanjani. Mchanga ukapimwa sawa, kijiko cha shaba huku, kijiko cha shaba kule. Wa dukani ukaanza. Maji yalipita, mchanga ukaondoka, na kwenye matuta ya bati pakabaki mstari wa njano uliotuliza watu wote. Shaba ilirudi karibu yote, nami nasema hivyo ingawa iliniuma. Halafu zamu ya baba. Maji yalipita vizuri, yakateleza vizuri, yakateleza mno. Mchanga uliondoka na shaba ikaondoka nao, ikielea juu ya maji kama unga, tukaiona ikiingia mtaroni na kwenda zake. Kwenye ubao pakabaki punje ambazo ungezihesabu.

Baba mdogo alijaribu kusema kwa upole, "Kaka, si kitu. Dunia imesonga mbele," na upole huo ulikuwa mbaya kuliko kicheko. Mama akasema tutanunua, basi, yaishe. Baba alisimama na ndoo tupu. Nilimwona akitazama upande wa mlango, kule kwenye kigoda chake, na nikaanza kulia bila aibu.

Nyanya alikuwa ameketi pembeni kwenye kiti cha plastiki. Akaniita nimshike mkono. Akasogea hadi kwenye beseni lililokinga maji ya mwisho, akalitazama. Juu ya maji kulikuwa na zile rangi rangi unazoziona barabarani gari likivuja. Akatia kidole, akakinusa.

"Mmeupaka mafuta?"

"Ni rangi ya viatu tu, Mama," fundi akajibu kwa heshima. "Na nta kidogo. Ili upendeze."

Nyanya alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika kiuno, akalia kwa maumivu, akacheka tena. "Wanangu nyinyi! Dhahabu na mafuta haviketi pamoja. Sisi siku ya kwenda mtoni hatujipaki hata mikono. Mwanamke akija anang'aa tunamrudisha kwao. Mafuta yakigusa karai, vumbi lote la dhahabu linaelea na kukimbia." Akamgeukia mama yangu, akainua sketi yake kidogo, akaonyesha ile miguu iliyopauka. "Ulidhani sijui kuoga?"

Mama alijifunika uso na kanga. Baadaye alikuja kuisimulia yeye mwenyewe, akijicheka, lakini siku ile alitamani kuingia chini ya jiko. Baba akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, mbona hukutuambia?"

"Nani aliniuliza? Mmenipima kiuno, mmenipima mkono. Kazi yenyewe hamkuniuliza."

Baba mdogo, nitampa haki yake, ndiye aliyesema wiki moja iongezwe. Na sasa nyanya akawa msimamizi. Aliketi kwenye kile kigoda cha baba akatoa amri. Matuta yakatwe upya, makali, yasiguswe na msasa. Sehemu ya chini utandikwe gunia la katani, lililochemshwa na majivu. Na ubao uunguzwe ndani kwa moto hadi uwe mweusi, mafuta yote yatoke. Aliposema hilo la moto, fundi wa vinyago aliomba ruhusa akaingia nyumbani kwake akafunga mlango. Hakuweza kutazama. Baba alipitisha makaa ndani ya ubao ule mzuri, moshi wa nta ukapaa, nami nilisikia kutoka kwa jirani sauti ya mtu anayekohoa kwa uchungu. Fundi aliporudi alishika tezo akakata matuta mapya. Tena baba hakuona haya kujifunza kwa mshindani: alilala kifudifudi chini ya mtambo wa dukani na rula yake, akapima mwinamo na urefu wa matuta, akavinakili. Baba mdogo naye alileta kipande cha raba ya sakafu ya gari, yenye mistari, akasema labda itafaa sehemu ya juu. Ilifaa.

Jumamosi ya pili watu walikuwa wengi zaidi, maana habari ya rangi ya viatu ilikuwa imefika hadi Makadara. Nyanya alitukataza wote tulioshika ndoo kujipaka mafuta asubuhi ile. Ebu fikiria, Jericho nzima imepauka siku ya Jumamosi! Shaba ikajaribiwa, ikashika. Watu wakapiga makofi. Lakini nyanya hakupiga. Alifungua fundo la leso yake akatoa kichupa kidogo cha dawa ya macho.

Ndani yake kulikuwa na dhahabu. Dhahabu ya kweli, vumbi na punje, kazi yake ya mvua ya masika yote, ile aliyoiinamia hadi mgongo ukavunjika moyo. Punje zilikuwa kumi na moja; alizijua kama watoto wake. Hakuwa na kitu kingine duniani cha kwake mwenyewe. Akanyoosha mkono kuimwaga yote kwenye mchanga.

"Mama, hapana!" baba akamshika. "Shaba imetosha. Hiyo usiiguse."

"Mimi siendi mtoni kuosha shaba."

Baba mdogo akasogea. "Basi, Mama, tuiweke kwenye mtambo wangu. Ule tumeuona haupotezi."

Nyanya akamtazama, na ndipo akauliza lile swali. "Mwanangu, chako ni kizuri, nimekiona. Sasa kikivunjika pale mtoni, nani atakitengeneza?"

"Tutaagiza kipuri."

"Kinatoka wapi?"

"Ng'ambo."

"Nami nitakuwa nakingoja nimesimama au nimeinama?"

Baba mdogo akacheka kidogo, akakuna kichwa, akarudi nyuma. Nyanya akamgeukia baba. "Na wewe. Umejenga au hukujenga?"

"Nimejenga."

"Basi mwaga maji."

Nyanya akaimwaga dhahabu. Nilisikia mama akiita jina la Bwana. Baba aliinua ndoo, na nyanya akamnyang'anya: yeye mwenyewe, amesimama wima, kiwiko pale pale kilipopimiwa, alimimina taratibu, akamimina tena, nasi tukampokeza maji mkono kwa mkono kutoka mfereji, hakuna aliyecheza, hakuna aliyesukumana. Hakuinama hata mara moja. Maji yalipokwisha baba aliinua gunia kana kwamba analaza mtoto, akalisuuza ndani ya lile karai dogo lililosuguliwa kwa majivu, akampa mama yake. Nyanya akalizungusha. Vumbi la njano likajitenga pembeni, jingi, karibu lile lile. Akaanza kutoa punje moja moja kwa ncha ya kidole kikavu na kuziweka kwenye kiganja changu. Moja. Mbili. Uwanja wote ulihesabu pamoja. Nane. Tisa. Kumi.

Ya kumi na moja haikuwepo. Tulisuuza gunia tena, tukageuza raba, tukapiga magoti kando ya mtaro tukipekua tope, baba akitangulia, ovaroli imelowa hadi kifuani. Nilijua anachowaza. Nyanya alituacha dakika chache, kisha akapiga kofi moja. "Iacheni. Nimekula chakula cha Jericho miezi miwili. Nami niache kitu." Halafu akamwita baba kwa jina lake la utoto, ambalo sikuwahi kulisikia, akamwambia, "Simama. Umenisimamisha, nawe simama."

Baba alilia. Mbele ya mtaa mzima, fita wa reli, alilia kwa sauti, na hakuna aliyemcheka.

Mtambo ulirudi dukani na kitambulisho kikarudi mfukoni. Nyanya alirudi kwao na ubao umefungwa juu ya basi. Aliosha dhahabu wima miaka mingi, na gunia lilipochakaa alitandika jingine, na mguu ulipolegea seremala wa kijijini aliupiga msumari. Wanawake wenzake waliuona, wakatuma salamu, kila mmoja na kipimo cha kiuno chake kwenye uzi wenye fundo. Kigoda cha baba hakikukaliwa tena mchana. Yeye na fundi wa vinyago walijenga ubao baada ya ubao, na fundi, ambaye hakuweza kujizuia, aliiunguza ndani kama alivyoagizwa, kisha akaing'arisha miguu na kingo za nje mpaka ujione usoni pake.

Wote wametangulia sasa: nyanya, fundi, na baba miaka mitatu iliyopita. Sauti ya tezo nayo imekwenda. Siku ile niliyotoka dukani nilikuta uwanja wetu umezungushiwa mabati, ndani tingatinga linachimba msingi wa maghorofa. Ukuta wenye mstari wa penseli haupo, mtaro haupo, mfereji wa nje haupo. Simwonei mtu wivu kwa kupata nyumba mpya. Lakini nilimwomba soja wa langoni anipe dakika moja, nikaingia hadi kwenye rundo la udongo walioufukua, pale pale nilipopiga magoti nikiwa darasa la sita.

"Umepoteza nini, mama?" soja akaniuliza.

"Sikupoteza. Nyanya yangu aliacha."

Nikainama nikachota udongo mkono mzima, nikaufinya, nikaanza kuutawanya kwa kidole nikitafuta. Ndipo nikaiona mikono yangu. Ilikuwa laini, inanukia, inang'aa kwa mafuta niliyojipaka asubuhi. Angeniona nyanya angenirudisha nyumbani. Nikafungua kiganja, nikaurudisha udongo wote taratibu mahali pake, nikaondoka mikono mitupu.